Kila Mfuniko Una Mwenyewe

Kwanza hakikisha mama mwenye nyumba ameenda sokoni. Mengine yote katika mwongozo huu unaweza kuyarekebisha huku unaendelea. Hilo, hapana.

Mchezo wenyewe ni gofu, ila huna fimbo wala kijipira. Unarusha kisahani cha plastiki kwa mkono, na badala ya shimo pamesimamishwa kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Kisahani kikiigonga, kinadondokea ndani. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 huko California, na aliyeusanifu, Ed Headrick, ndiye pia aliyebuni kikapu cha minyororo. Alifariki mwaka 2002, na kwa wosia wake majivu yake yakachanganywa kwenye plastiki ya visahani. Hilo usilisimulie msibani Lizaboni, Songea.

Hapa Songea, vikapu vya minyororo na visahani vya dukani bado sijaviona. Tulichonacho kila nyumba ni mifuniko. Wala usijione mnyonge, maana Wamarekani nao walianzia jikoni: kampuni ya Frisbie ya Bridgeport, Connecticut, ilikuwa ikiuza pai kwenye sahani za bati, na vijana wakishamaliza pai wakawa wanarushiana sahani. Jina likabaki, likabadilishwa herufi kidogo, likawa la biashara. Nina hakika kila sahani ilikuwa na mtu aliyeitafuta jioni ile.

Sasa, tuchague kisahani cha masafa ya kati. Simama kwenye mstari wa goli pale Uwanja wa Majimaji, tazama mstari wa katikati. Umbali huo, mita hamsini na kitu, ndio kazi ya kisahani cha kati. Kuna vya masafa marefu, vyenye ukingo mwembamba kama wa panga, na vya kumalizia karibu na kikapu, vyenye ukingo butu. Cha kati ni kiungo mchezeshaji: hapigi mashuti, lakini pasi yake lazima ifike.

Visahani vya dukani huandikwa namba nne: kasi, kuelea, kupinda na kumalizia. Kimoja maarufu cha kati, Buzzz cha kampuni ya Discraft, kina 5, 4, -1 na 1. Maana yake, ukikirusha vizuri kitaelea vya kutosha, kitapinda kidogo sana upande mmoja, kisha kikichoka kitarudi kidogo sana upande wa pili. Kwa maneno mengine, kitakwenda ulikokituma, jambo ambalo hata watoto wa siku hizi hawalifanyi. Mifuniko yetu haikuandikwa namba, lakini ukiipima utaona inazo zote nne, na ya tano juu yake: mwenyewe yuko mbali kiasi gani.

Mfuniko wa ndoo ya lita 20 unavutia macho ya mwanafunzi. Ni mpana, una ukingo mzuri wa kushika, na unaelea kama mwewe. Tatizo ni wepesi wake kwa ule upana. Kisahani cha kweli cha kati kina gramu 175 hadi 180 zilizobanwa ndani ya sentimita 21 na ushee, na uzito mwingi uko ukingoni. Mfuniko huu hauna uzito huo popote. Ukiupa nguvu unalala ubavu, unakata kulia na kuingia kwa jirani. Namba ya tano: hatari, kwa sababu ndoo ya lita 20 huwa ya maji ya kunywa na kila mtu anaichungulia.

Mfuniko wa sufuria uache. Una kishikio katikati, na ukimpata mtu kisogoni utaeleza polisi. Sahani ya plastiki ni nzuri ikiwa na kina cha kutosha kwa chini ili vidole vipate pa kujificha, lakini ikigonga mwembe wa uani mara moja inapasuka. Ungo unapitisha hewa, kwa hiyo hauelei hata kidogo. Na anayerusha ungo wa mkwewe hahitaji mwongozo, anahitaji wazee. Kile kisahani cha mbao na chuma mlichorusha kwenye mashindano ya UMISSETA usikitaje kabisa. Kilo 2 kwa wanaume, kilo 1 kwa wanawake, na hakuna mwembe unaostahili adhabu hiyo.

Kinachobaki ni mfuniko wa ndoo ya lita 10. Upana wake unakaribia wa kisahani halali, plastiki yake ni nene kidogo, na ukingo umekunjwa kwa ndani vizuri. Ukibandika ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli kuuzunguka kwa ndani, unapata ule uzito wa ukingoni unaoufanya usonge bila kuyumba. Huo ndio niliouchagua mimi. Ulikuwa wa ndoo ya maharage ya mama mwenye nyumba.

Tuje kwenye mshiko. Shida yetu ya kwanza ni kwamba mikono yetu ilifundishwa kutupa kutoka juu ya bega. Aliyekulia kwenye maembe anatupa hivyo, na aliyecheza rede shule ya msingi vilevile. Kisahani kinatoka kifuani na kwenda nje. Usitafute mkufunzi kwa ajili hiyo. Kumbuka tu unavyofukuza kuku wasile mahindi uliyoyaanika. Mkono unaanzia bega la pili, unafunguka kwa ghafla, na kiganja kinamalizia kwa kishindo. Mkoa mzima unaolima mahindi kama huu una mabingwa wa mtupo huo na haujijui.

Mshiko wa nguvu ni kukunja vidole vyote vinne ndani ya ukingo, dole gumba juu, kama ulivyoshika ukingo wa sinia la ubwabwa wa harusi na mtu anataka kukunyang'anya. Unatoa mwendo mkubwa na shabaha ndogo. Kinyume chake ni kutandaza vidole vyote chini ya kisahani kama mhudumu anayeleta chai: shabaha unayo, mwendo huna. Kwa masafa ya kati changanya: vidole viwili au vitatu vikunjwe ukingoni, kimoja kinyooshwe chini ya tumbo la kisahani kukituliza. Usikibane mpaka vifundo viwe vyeupe. Shika kama unavyoshika kifaranga ambacho hutaki kitoroke wala kife.

Ila siri kubwa iko kwenye dole gumba, na hapa nakuomba usogee karibu. Ukiliweka katikati ya kisahani na kulilegeza, ukingo wa mbele unainuka wakati wa kuachia. Kisahani kinapanda, kinasimama hewani kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, kisha kinarudi nyuma. Lisogeze dole gumba karibu na ukingo, bonyeza chini kwa uhakika, na kiganja kiinamie chini kidogo, kama unamimina chai kwenye kikombe cha mgeni. Ukingo wa mbele unashuka, na kisahani kinakata mbele badala ya kupanda. Ilinichukua Jumamosi tatu kujua hilo, na nguo zangu zote nilizoanika zina alama ya mfuniko.

Kuhusu upepo nitasema machache. Wakati wa kipupwe, Juni na Julai, Songea ina baridi ya kuvaa koti na upepo wa kukulazimisha ulifunge vifungo vyote. Upepo wa usoni unazidisha kupinda, wa mgongoni unakididimiza. Kama huna namna, subiri utulie. Hatuna ratiba ya televisheni.

Jambo ambalo nilipaswa kulisoma kabla ya kurusha ni ile namba ya nne. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha kutoka kifuani, kisahani kikiishiwa mwendo humalizia kushoto. Kwetu kushoto kuna bati la jikoni la mama mwenye nyumba. Jumamosi ya nne, dole gumba likiwa mahali pake, mfuniko ulikwenda vizuri kuliko siku zote, ukaupita mwembe, ukachoka, ukageuka kushoto kwa adabu, ukatua juu ya bati na kuburuzika mpaka ukaangukia upande wa pili, kwenye moto wa majani makavu aliouwasha jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Umeuona mfuniko wangu wa maharage?"

Nikamwambia nilikuwa nafanya mazoezi. Akauliza ya nini. Nikaeleza kuelea, kupinda na kumalizia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema fukusi wao hawasubiri kuelezwa.

Nikaenda Soko Kuu. Pale ndipo nilipoelimishwa kwamba mfuniko hauuzwi peke yake. Ukitaka mfuniko, nunua ndoo. Kwa hiyo unapopanga bajeti ya mchezo huu, hesabu kila kisahani kwa bei ya ndoo nzima.

Nilirudi na ndoo mpya ya lita 10. Mama mwenye nyumba akamimina maharage humo, ile ya zamani isiyo na mfuniko akanirudishia kwa mguu. Sasa imekaa chini ya mwembe, na minyororo miwili ya baiskeli inaning'inia juu yake kutoka kwenye tawi. Kikapu tunacho. Mfuniko mpya umetobolewa kwa msumari wa moto na kufungwa kwenye mshikio wa ndoo yake kwa kamba ya katani, mafundo matatu.