Sifa za Ukurasa Mweupe

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo sababu nilikaa miaka mingi bila kuusifu ukurasa mweupe hadharani. Lakini huyu mgema wangu tembo alilitia maji tangu siku ya kwanza, na siku nyingine huleta kibuyu kitupu kabisa. Sifa zangu zitamharibu wapi tena?

Asiyeijua kazi yetu na aelewe hivi. Tovuti nyingi haziandikwi ukurasa mmoja mmoja. Mtu huandaa kiolezo, kama kadi ya harambee iliyopigwa chapa na kuachwa nafasi baada ya "Bw./Bi.", kisha programu ikajaza majina, bei na tarehe kila mgeni anapobisha hodi. PHP, aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995, imefanya kibarua hicho tangu utotoni mwake. Halafu siku moja kiolezo kinaanguka. Kioo kinabaki cheupe kama shuka la hospitali, na mteja yuko kwenye simu.

Nausifu kwanza kwa adabu. Makosa mengine yana mdomo. Kwa miaka mingi PHP ilikuwa ikimfokea mtu neno T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM, naye akaondoka akiamini amelogwa, kumbe ni Kiebrania cha alama ya nukta pacha mbili, ::, ukumbusho wa Waisraeli wawili walioiandika PHP upya. Ukurasa mweupe hauna makuu hayo. Umefunzwa kwao: mbele ya wageni haufunui aibu za nyumba. Ukiwa umezima maonyesho ya makosa kwenye seva, kama wakubwa wa kazi wanavyoshauri, ukurasa utakufa huku umefumba mdomo.

Nausifu pia kwa kuujua utu uzima. Kama mtoto aliyelia usiku kucha, ukifika naye kliniki anamchekea daktari, hitilafu hii hupona mara tu unapomwita mwenzako aje aione. "Mbona inafanya kazi?" anauliza, akirudi kwenye chai yake. Hapo ndipo unapojua marafiki zako ni nani.

Na dini? Ukurasa huu umetuzidishia. Mtu hukuta faili haina kosa hata moja, kila mstari umenyooka, lakini PHP inalalamika kwamba vichwa vya ukurasa vimekwisha kutumwa. Nani kavituma? Mbele ya herufi ya kwanza kabisa amejibanza jini wa baiti tatu, EF BB BF, asiyeonekana kwa macho, aliyewekwa na programu ya kuandikia ya Windows kama alama ya kutambulisha faili. Utaisoma faili hiyo hadi kope ziote kutu, usimwone. Si ajabu mfumo mmoja wa violezo ukaitwa Jinja. Ni Kijapani cha hekalu, kwa kuwa Kiingereza cha hekalu na cha kiolezo hukaribiana matamshi. Mimi nilipolisikia jina mara ya kwanza nilidhani ni Jinja ya Uganda, kule Nile inakoanzia safari, nikasema Waganda wametupiga bao.

Lakini sifa kubwa naiweka hapa: ukurasa mweupe ulinirudisha darasani kusoma Kiswahili.

Tulikuwa tumejenga tovuti ya wakulima. Unachagua kaunti yako kati ya zote 47, unaonyeshwa wakala wa mbegu aliye karibu. Nyeri ilifunguka. Kirinyaga ikafunguka, Kiambu ikafunguka. Mama mmoja akapiga simu, sauti yake ya upole kuliko nilivyostahili: "Kijana wangu, tumeikosea nini hiyo tovuti yenu, sisi watu wa Murang'a?"

Nikajaribu mwenyewe. Ikafunguka vizuri. Nikamwambia mama azime simu aiwashe. (Sote tumewahi kusema hivyo, tusidanganyane.) Kesho yake akapiga mwingine. Nikajaribu tena: nyeupe. Nikajaribu na mkulima mwingine wa huko huko: ikafunguka. Ofisini mmoja akasema ni mtandao, mwingine akasema stima. Msimamizi wa seva akafungua kumbukumbu zake akanionyesha kwa fahari: seva imejibu 200, yaani salama salimini. Naye alisema kweli. Seva ilikuwa imeupeleka ukurasa wote bila kupunguza hata nukta. Ulikuwa ukifia mikononi mwa kivinjari.

Siku ya tatu nikauona mchawi. Kiolezo changu kiliandika jina la kaunti ndani ya skripti, katikati ya alama mbili za kunukuu zenye mkia mmoja, ambazo kwenye kibodi ni kibonye kile kile cha ritifaa. Nyeri ikaingia ikatoka. Murang'a ilipofika kwenye ng, kivinjari kiliiona ritifaa kikadhani neno limekwisha, kikabaki na "a" isiyo na kwao, na skripti nzima ikakata roho pamoja na orodha ya mawakala.

Basi mbona mara nyingine ilifunguka? Kwa sababu kwenye hifadhidata mlikuwa na Murang'a tatu. Moja iliandikwa na mwenye haraka, "Muranga", bila ritifaa. Ya pili ilinakiliwa kutoka Word, ambayo huipinda ritifaa ikawa kama kiwembe cha mwezi mwandamo, na kivinjari hakiihesabu hiyo kuwa alama ya kunukuu. Ya tatu iliandikwa na karani mwadilifu, kwa ritifaa iliyonyooka, kama tulivyofundishwa shuleni. Waliokosea tahajia walihudumiwa. Aliyeandika sawasawa ndiye aliyeua ukurasa.

Nani mwingine angenifunza hayo? Mwalimu wangu wa sarufi alinichapa kwa ajili ya ritifaa na bado nikawa naiacha. Ukurasa mweupe haukuinua hata kidole, na leo siwezi kupita kibao cha Lang'ata bila kukiamkia.

Dawa yenyewe ilikuwa neno moja ndani ya mabano ya Smarty, mfumo wetu wa violezo, neno la kuiwekea ritifaa kinga kabla haijaingia kwenye skripti. Nikaliandika, nikahifadhi, ukurasa ukabaki mweupe vile vile kwa saa mbili, kwa kuwa Smarty huvitafsiri violezo na kuzitunza nakala kwenye folda yake, nasi tulikuwa tumeikataza kuangalia mabadiliko ili mwendo uwe wa kasi. Nikaifuta folda. Murang'a ikafunguka. Nikampigia mama, akanibariki kwa Kikuyu kirefu nisichokielewa vizuri, na nikatembea ofisini kifua mbele kama jogoo.

Alasiri hiyo mkulima wa kwanza akajisajili kutoka Murang'a, akafika ukurasa wa pili, ule wa kujaza jina. Jina la baba yake lilikuwa Ng'ang'a. Nikaenda kutia maji ya chai jikoni.