Barua ya Shukrani kwa Waheshimiwa Waingizaji wa Mitambo

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa kampuni ambayo adabu yanizuia kuitaja jina,
Dar es Salaam.

Naomba idhini ya kuzikatiza shughuli zenu kwa barua, kwa kuwa malalamiko, nimeambiwa, hupokelewa kwa simu, na simu yenu, tangu nilipomaliza kulipa fedha ya mwisho, huimba muziki mzuri sana lakini haisemi.

Stakabadhi zenu zitawakumbusha kwamba mliniuzia mashine ya kukereza vyuma, nayo ikasafirishwa takriban kilomita elfu moja hadi Segese, katika Halmashauri ya Msalala, mahali ambapo kijana wenu wa mauzo aliniuliza kama pako Zambia. Siku ya kununua nilipewa kiti, soda baridi, kofia yenye nembo, na hati ya dhamana ya miezi 12. Hati hiyo nimeisoma kwa utulivu, nami nakiri kuwa ni fasihi bora: ukurasa wa kwanza hutoa kila kitu, na wa pili, kwa herufi ndogo, hukirejesha kwa mwenyewe, kwani dhamana haihusu sehemu zinazochakaa, wala sehemu zinazozunguka, wala mashine iliyofunguliwa na fundi asiye wenu, na fundi wenu havuki Kibaha.

Kilichovunjika ni gia moja ya plastiki isiyozidi upana wa kiganja, ile iunganishayo shina la mashine na skurubu ndefu isukumayo kisu. Ikikosekana hiyo, chuma huzunguka lakini kisu hakiendi chenyewe, na nyuzi za nati hazikatiki. Na karakana isiyokata nyuzi, katika ukanda huu wa dhahabu, ni mahali pa kunywea chai. Sijui kama mmewahi kuliona karasha. Ni pipa la chuma lizungukalo na gololi tumboni, likisaga mawe ya wachimbaji mpaka yawe unga wa kupelekwa mwaloni kuoshwa. Na shafti yake ikikatika, viroba vya mawe hupangwa ukutani na wenyewe hukaa juu yake usiku na mchana, kwa kuwa hakuna amwachiaye mtu mawe yake. Nao wote, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na wachimbaji wake na mama ntilie aliyewakopesha ugali, humtazama fundi.

Nilipobahatika kumpata mhudumu wenu wa wateja, binti mwenye heshima ambaye simlaumu hata kidogo, aliniomba picha ya gia, kisha ya mashine, kisha ya stakabadhi, kisha ya gia tena kwa kuwa ya kwanza haikuonekana vema. Na majuma yalipopita akanijibu kwa furaha kwamba gia haipo wala haijapata kuagizwa, lakini mashine nzima zimeingia mpya, nami, kwa sababu ni mteja wa zamani, nitapunguziwa bei. Kwa hekima hiyo, aliyekatika kifungo na ashone kanzu nyingine. Nikauliza kama gia iliyomo ndani ya mojawapo ya mashine hizo yaweza kufunguliwa nikauziwa. Akacheka kwa upole, akasema, sasa fundi, hiyo mashine isiyo na gia tutamuuzia nani? Nilikaa kimya, maana jibu nilikuwa nalo, limesimama karakanani kwangu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyoachiwa na Waingereza tangu 1931, yataka kitu kilichouzwa kwa kazi fulani kiifae kazi hiyo, na Sheria ya Ushindani ya 2003 ikaongeza himaya kwa mlaji; lakini mlaji akae na karasha limesimama, apande basi, akatafute wakili wa gia?

Basi nikafanya wafanyavyo watu wa huku, ambako Warongo wa Uzinza walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyonunuliwa na Wasukuma kabla Mjerumani hajaja. Meno yaliyovunjika niliyajaza kwa nta, nikaikandamiza gia katika mchanga wenye udongo, nikayeyusha pistoni chakavu za pikipiki, nikaisubu ya alumini. Alumini ikipoa husinyaa, kwa hiyo ilitoka ndogo kidogo kuliko mama yake. Nikausogeza mkono unaoshika gia, nikayapitisha meno kwa tupa mpaka yakaumana bila kelele. Inafanya kazi mpaka leo, na jirani zangu wasema inalia vizuri kuliko ile yenu.

Habari hizo zikaenea, na hapo ndipo shukrani zangu zinapostahili. Wateja wenu wa Kakola, wa Kahama na wa Nyarugusu sasa hunijia mimi na gia ile ile, imekatika pale pale, wengine wakiniambia wazi kwamba wameelekezwa na ofisi yenu. Nimekuwa idara yenu ya vipuri pasipo kuajiriwa, wala mshahara, wala hata ile kofia ya pili. Naambatisha ankara. Mkiiona bei ni ghali, idara hii yafungika kwa urahisi: kontena lijalo, pamoja na mashine, tieni sanduku moja la gia.

Wenu katika utumishi usio na mkataba,
Fundi wa Segese