Wachumi Waliosogezwa kwa Mkulima
Taasisi ya Utafiti wa Uchumi katika Wizara ya Kilimo ya Marekani iliundwa mwaka 1961 ili kuhesabu mapato ya wakulima, bei za vyakula na biashara ya mazao na nchi za nje. Kuamua kama hesabu zinapendeza ni kazi ya wakubwa. Mwaka 2018, vita vya ushuru vilipoanza na China ikaitoza soya ya Marekani asilimia 25, zilikuwapo hesabu nyingi zisizopendeza. Mwaka huohuo Waziri Sonny Perdue alitangaza kuwahamisha wachumi wa taasisi hiyo kutoka Washington, wawe karibu na wakulima. Mwaka 2019 wakapangiwa Kansas City, jiji la maghorofa. Wengi waliacha kazi, na Mick Mulvaney wa Ikulu akausifu hadharani uhamisho huo kuwa njia nzuri ya kupunguza watumishi. Mwaka 2022 wakaguzi wa Bunge walibaini kuwa uchambuzi wa gharama za kuwahamisha wachumi uliacha gharama muhimu. Mwaka 2025 wizara ilitangaza kusitisha utafiti wa kila mwaka wa taasisi hiyo kuhusu uhaba wa chakula majumbani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Utafiti huo ndio uliokuwa ukiwatambulisha.