Mkungu Wenye Magoti

Lifti ya viti, yaani ule mtambo wa kamba ya chuma unaowapandisha mlimani watu waliovaa skii, mbao nyembamba za kutelezea juu ya theluji, ni miongoni mwa samani chache duniani ambazo humfuata mtu kwa nyuma, zikampiga magotini, kisha zikadai kwamba zimemkaribisha. Hoja hii haitegemei vitabu peke yake, kwani mwandishi wa kurasa hizi ameithibitisha juzi kwa kalio lake la kushoto, katika kituo kimoja cha michezo ya theluji huko Colorado, na ndiyo maana insha nzima imeandikwa kwa kusimama.

Asili ya mtambo huu ni ndizi. Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific, chini ya mwenyekiti wake Averell Harriman, ilikuwa ikijenga mji wa mapumziko wa Sun Valley katika jimbo la Idaho, ili wasafiri wapate sababu ya kupanda treni wakati wa baridi. Tatizo lilikuwa namna ya kuwafikisha juu ya mlima, kwa maana hadi wakati huo mtelezaji aghalabu alipanda kwa miguu yake mwenyewe, au alishika kamba iliyomburuta, kama ile iliyofungwa Woodstock, Vermont, mwaka 1934 na kuzungushwa kwa injini ya gari la Ford. James Curran, mhandisi wa kampuni hiyo mjini Omaha, Nebraska, mahali tambarare pasipo na mlima hata wa kusingizia, alikuwa amewahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini, ambamo mikungu hutundikwa kwenye kulabu zinazotembea na kamba bila kusimama. Akatoa kulabu, akaweka viti. Husimuliwa kwamba wakubwa wake waliiona michoro hiyo kuwa ya hatari, na kwamba aliyeiokoa ni Charles Proctor, mtelezaji mashuhuri aliyeitwa kutoa ushauri.

Majaribio yake yanastahili heshima. Kiti kilifungwa ubavuni mwa lori, lori likaendeshwa kwa kasi mbalimbali, na mtu aliyevaa viatu vya magurudumu, kwa sababu Omaha ilikuwa katika majira ya joto na theluji haikuwepo, akawa anazolewa mara kwa mara hadi ikabainika kwamba maili 4 hadi 5 kwa saa zinavumilika. Mtu huyo alivumilia, naam; lakini mkungu, ambao ndio uliokuwa kielelezo cha awali, hauna magoti, hautakiwi kugeuka kutazama kulabu inatokea upande gani, na ukifika hushushwa na wapagazi. Binadamu ndiye mzigo pekee unaotakiwa kujipakia wenyewe, kujishusha wenyewe, na kulipa nauli juu yake.

Kamba yenyewe, iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi za chuma, haina mwanzo wala mwisho, kwani ncha zake hufumwa pamoja mpaka pasionekane fundo, kisha huzungushwa kwenye magurudumu makuu mawili, moja chini na jingine juu ya mlima, na katikati hupita juu ya kapi zilizofungwa nguzoni. Mota huzungusha gurudumu moja. Mojawapo huvutwa nyuma daima, zamani kwa uzito mkubwa ulioning'inizwa na siku hizi aghalabu kwa haidroliki, ili kamba isilegee abiria wanapoongezeka. Katika muundo wa kale, ambao ungali umetapakaa, kila kiti hushikizwa kwa kibano kisichofunguka, na hapo ndipo penye uzuri na balaa: kamba ina mwendo mmoja tu, hivyo kiti kinachopita juu ya bonde na kiti kinachomzoa mgeni huenda kasi ileile, ambayo ikiwa kamili hukaribia mita 2.5 kwa sekunde. Ajabu zaidi, kasi haiongezi idadi ya wanaofika juu. Kiti cha watu wawili kikipita kila baada ya sekunde 6, watu 1,200 hupakiwa kwa saa, kamba iende taratibu au iende mbio, kwa kuwa ikienda mbio viti hulazimika kuachana zaidi.

Dawa ya balaa hilo ilikwisha kupatikana, nayo ni kibano kinachofunguka. Kiti kikiingia kituoni, reli hukandamiza springi ya kibano, kamba ikaachiwa iende zake, na safu ya matairi ya mpira, kila moja likizunguka polepole kuliko lililotangulia, hukipunguza kiti hadi karibu mita 1 kwa sekunde. Abiria akishaketi, safu nyingine hukiharakisha hadi mita 5, ndipo kibano kikaiuma kamba tena. Breckenridge, Colorado, ilifunga lifti ya namna hiyo yenye viti vya watu wanne mwaka 1981, na mtu anaweza kusimama chini ya kituo cha lifti kama hiyo akatazama matairi hayo yakipokezana mzigo hadi akasahau kwamba miguu imekufa ganzi.

Mwandishi hakupewa lifti hiyo. Utaratibu aliofundishwa ulikuwa na hatua nne: kusubiri kiti cha mbele kipite, kusogea hadi kwenye mstari uliochorwa, kutazama nyuma, na kukaa. Ya kwanza aliitimiza bila dosari. Katika ya pili skii zilifika kwenye mstari na kuendelea na safari zao. Katika ya tatu alitazama kwa bega ambalo kiti hakikuwa na habari nalo. Na katika ya nne nusu ya mwili ilipokelewa na nusu ikakataliwa, akaburutwa huku ameukumbatia mhimili wa kiti kama ndugu aliyerudi kutoka Uarabuni baada ya miaka ishirini. Mwendeshaji alibonyeza kitufe chekundu, na kwa kuwa kamba ni moja, mlima mzima ukasimama, umma wa watu ukabaki ukibembea hewani katika baridi, kila mmoja akiinama kutafuta chanzo. Mtoto wa kama miaka sita, aliyekuwa wa kwanza katika foleni, alimwinamia na kumweleza kwa upole, "Unakaa tu," maelezo ambayo kiufundi hayana kasoro.

Kicheko kina haki ya kukoma hapa. Katika vituo vingi, lifti zenye kibano kinachofunguka huwekwa kwenye miteremko mirefu ya mabingwa, ambao wangeweza kukikalia kiti hata kikija kwa kasi ya daladala, ilhali mteremko wa wanaojifunza huachiwa mtambo wa kale, kwa hoja kwamba ni mfupi na kibano kipya ni ghali. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini maana yake ni kwamba upole huuzwa kwa urefu wa njia, na anayeuhitaji kuliko wote, ambaye tayari amelipia tiketi, viatu vya kukodi na mwalimu, huupata kwa hisani ya mwendeshaji tu, ikiwa mwendeshaji hakuamka na mambo yake.

Baadaye siku hiyo glavu moja ya mwandishi iliangukia bondeni karibu na nguzo ya saba. Katika jaribio la tatu mwandishi alisahau kushuka, akagusa waya wa kuzimia mtambo, mlima ukasimama tena. Mwendeshaji wa juu akaamuru abaki palepale kitini na kuteremshwa, naye akarudi chini peke yake kama mkungu uliokataliwa na meli, huku wote waliokuwa wakipanda upande wa pili wakimpungia mkono, kiti baada ya kiti, na katika kimojawapo alikuwamo yule mtoto.