Jinsi ya Kunyenyekea Mpaka Kanisa Zima Lijue

Mwongozo huu ni wa ndugu yetu mchimbaji ambaye duara lake limetema dhahabu. Juzi tu alikuwa Nyarugusu au Rwamgasa anabembeleza mwenye karasha amsagie mawe kwa mkopo. Leo ana ghorofa Geita mjini, gari lisilojua matope, na kanisani wanamwekea kiti cha mbele. Kinachomkosesha usingizi ni kimoja: watu wasije wakasema ana majivuno. Tulia, mzee. Unyenyekevu unapangwa, kama harusi.

Anza na hicho kiti. Luka sura ya 14 inashauri mwalikwa akae nyuma, mwenyeji aje amwite mbele. Wengi huharibu hapa kwa kuwahi. Ukikaa nyuma saa moja asubuhi, nani atakuona? Ingia kwaya ikishaimba na matangazo yanaanza. Pita katikati taratibu, uende benchi la mwisho karibu na mlango, pale wanapokaa akina mama wenye watoto wachanga. Mzee wa kanisa atakuja kukuchukua. Kataa. Atarudi na mwenzake. Kataa tena, ukitikisa kichwa kwa huzuni. Mara ya tatu inuka shingo upande, kusudi waumini wote wageuke waone unavyoburutwa kwenda kwenye heshima. Asipokuja mtu, kohoa. Wakizidi kukupuuza, simu yako na iite.

Salamu nazo zina utaratibu wake. Huku Usukumani bado wapo akina mama wanaopiga magoti wakimsalimia mtu wanayemheshimu. Akija mmoja na "mwangaluka" yake, mwambie, "Inuka mama, mimi ni mtumishi tu." Maneno matamu sana hayo. Ila uyaseme goti likishagusa udongo. Ukiharakisha, unyenyekevu wake utakuwa haujakamilika na wako haujaanza.

Na maadam tumelitaja jina la Mtumishi, usingoje kupewa. Mwalimu Nyerere alifariki mwaka 1999. Hadi Jimbo Katoliki la Musoma lilipofungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005 ndipo Kanisa likaanza kumwita rasmi Mtumishi wa Mungu. Miaka mitano na ushei kaburini! Wewe huna subira hiyo, na huna haja nayo. Pale Kahama kadi zako zenye cheo hicho zitachapwa ukiwa unakunywa soda, na wino wa rangi ya dhahabu wanao.

Sasa harambee ya kuezeka kanisa, ambayo ndiyo mtihani wenyewe. Mathayo sura ya 6 inataka mkono wa kushoto usijue wa kulia unatoa nini. Hilo ni rahisi: mkono wa kushoto utakuwa umeshika maikrofoni. Mshereheshaji akishataja jina lako, la baba yako, la kampuni yako na idadi ya mabati, simama useme kwa sauti ya chini iliyopitia spika nne, "Ndugu zangu, niliomba nisitajwe." Saruji ije wakati huohuo, isije jana yake. Vijana watakaoipakua wavae fulana zenye jina lako mgongoni, maana mtu akiinama kubeba mfuko ndipo mgongo unaposomeka vizuri.

Kuosha miguu ni kwa waliokwisha kukomaa. Alhamisi Kuu ya mwaka 2013 Papa Francis alikwenda kwenye gereza la vijana jijini Roma, akaosha miguu ya wafungwa 12, wamo wasichana, wamo Waislamu. Usiige. Alipiga magoti mbele ya watu wasioweza kumrudishia chochote, na hayo ni matumizi mabaya ya goti. Wewe chagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, diwani, na mmoja wa wenye leseni jirani. Waambie waje wameoga. Mtu wa mwaloni, kule mnakooshea dhahabu, asikaribie beseni lako: miguu yake imepasuka visigino, ina tope jekundu hadi magotini, na zebaki aliyoikanyaga wiki nzima haitoki kwa taulo lenye nakshi.

Kuna utumishi mwingine ujiepushe nao kabisa. Wale akina mama wanaofika Jumamosi na ndoo kichwani, wakapiga deki, wakapanga viti ambavyo wewe utavikataa kesho, kisha wakashinda kwenye moshi wakiwapikia wageni wa harambee, hawajawahi kuitwa mbele. Kushuka shimoni kuokoa ndiko kubaya zaidi, kwa sababu chini hakuna mtandao. Mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao alikuwa amefia humo. Januari 2017, Geita, watu 15 waliofukiwa walitoka wote wazima. Nchi nzima ilishangilia. Nitajie jina la mmoja tu wa walioshuka kuwatoa. Umeona? Hasara tupu.

Limebaki jambo dogo la nyumbani. Vijana wa duara lako wangali wanadai mgawo wao wa viroba vya mawe tangu uzalishaji uliopita. Wanafika alfajiri, wanakaa chini ya mwembe nje ya geti lako, na mlinzi anawaambia Mtumishi yuko kwenye maombi. Walipe. Kazi ya nusu saa, haina mshereheshaji wala mpiga picha, na nimeiweka huku mwisho kwa sababu najua wengi wenu mliacha kusoma pale kwenye kadi.