Namna ya Kuchana Grafini Bila Kuishika

Kwanza upate grafini yenyewe. Mwaka 2004, kule Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kutoka kwenye grafaiti kwa selotepu, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja. Wewe huhitaji hata selotepu. Panga atomi kwa pembe sita, nanomita 0.142 kati ya jirani na jirani, na kompyuta itakuamini. Shida ni kwamba itaamini na mengine yote utakayoiambia.

Chagua kanuni ya nguvu baina ya atomi. Wengi hukimbilia AIREBO, kwa kuwa imo tayari ndani ya LAMMPS, programu ya kuiga mwendo wa atomi. Ivute karatasi bila kugusa mipaka ya kanuni hiyo: atomi zikiachana kwa nanomita 0.17, zitashikana kwa nguvu ambayo kaboni haina, na grafini yako itagoma kukatika. Usiite watu kusherehekea. Mwaka 2008 watafiti wa Columbia waliidunga grafini halisi kwa ncha ndogo mno, wakapata uimara wa gigapaskali 130 hivi na moduli ya Young ya terapaskali 1 hivi. Sogeza mpaka huo wa kanuni hadi karibu nanomita 0.2, kisha rudia.

Halafu mkazo. Ukiweka nafasi tupu juu ya karatasi na kisanduku cha uigaji kikawa na kimo cha nanomita 10, programu itagawanya nguvu kwa kimo chote hicho, nawe utapata grafini laini kama mlenda, pungufu mara 30. Unene unaokubalika ni nanomita 0.335. Naomba sana, usisahau hili. Kosa hili limeharibu kazi nzuri za vijana wengi.

Kwenye joto, usiilaze karatasi ikawa bapa kabisa. Iache itikisike juu na chini, maana mitikiso hiyo ndiyo huifanya isinyae inapopashwa joto. Wala usipime upitishaji wa joto kwa kipande cha nanomita 10. Mawimbi yanayobeba joto husafiri mamia ya nanomita kabla ya kutawanyika. Ndani ya kipande kifupi hivyo yatagonga kingo tu. Ongeza urefu, pima, ongeza tena, hadi namba iache kupanda.

Unapoandika ripoti, taja kanuni, urefu na unene uliotumia, ili mwenzako aliye mbali aweze kurudia kazi yako na kukukosoa.