Reli Isiyotimia Shibiri

Huku Uingereza kuna wazee waliostaafu kwa heshima zote, wakaagwa kwa keki na hotuba, wakaambiwa sasa kapumzikeni. Jumanne iliyofuata waliamka mapema, wakavaa ovaroli, wakaenda kusukuma toroli za kokoto. Hawalipwi hata senti. Tena wao ndio wanaolipa: kila mwaka hutoa ada ya chama ili waruhusiwe kusukuma toroli hizo. Mimi ni mmoja wao, ingawa sijastaafu na mgongo wangu bado una matumaini.

Chama chetu kiko ndani ya bustani ya umma ya mji mmoja wa katikati ya nchi, na mali yake kubwa ni reli. Reli kweli: ina mataruma, ishara, handaki na stesheni yenye saa. Tofauti ni geji. Kati ya reli na reli ni milimita 184, hata shibiri ya mtu mzima haitimii. Injini ni ya mvuke, inakula makaa ya mawe na kupiga king'ora, ila dereva haingii ndani yake. Anakaa nyuma juu ya kigari, magoti yakitafuta kidevu. Abiria nao hupanda behewa mguu huku na mguu huku, wakazungushwa bustani kwa dakika chache, wakapunga mikono, wakashuka.

Nilimpigia simu Baba Mkubwa, aliyezeekea kwenye Reli ya Kati pale Tabora, nikidhani atafurahi kusikia kwamba damu ya reli imefika Ulaya. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamweleza. Alinyamaza kidogo.

"Mwanangu, hiyo reli inatoka wapi kwenda wapi?"

"Inatoka stesheni, Baba, inazunguka miti, inarudi stesheni."

"Na mshahara?"

"Hakuna mshahara. Ni kujitolea."

Akaguna. "Hebu mpe simu mkeo."

Nilijaribu kumweleza kwamba wazimu huu una ukoo wake. Mwaka 1874 bwana mkubwa mmoja, Sir Arthur Heywood, alianza kujenga reli ya milimita 381 nyumbani kwake Duffield, katika jimbo la Derbyshire, akishikilia kwamba hiyo ndiyo geji ndogo kuliko zote inayoweza kufanya kazi ya maana. Mwaka 1927 Kapteni Howey, tajiri mpenda mbio za magari, alifungua reli ya geji hiyohiyo huko Kent, ile ya Romney, Hythe and Dymchurch, ambayo leo ina urefu wa karibu kilomita 22. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, jeshi liliitengenezea treni ya deraya. Hebu fikiria adui anavuka bahari, anapokewa na treni inayomfika kifuani.

Wa kujitolea nao wana historia yao. Mwaka 1951 kundi la raia likiongozwa na mwandishi L. T. C. Rolt lilianza kuendesha reli ya Talyllyn kule Wales ili isife, na ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wasiolipwa. Miongoni mwao alikuwamo Mchungaji W. Awdry, mtunzi wa hadithi za watoto za treni. Siku moja akiwa gadi alitoa ruhusa treni iondoke, kumbe amemwacha mama wa vinywaji stesheni. Baadaye akauingiza mkasa huo katika hadithi zake. Kwa hiyo sisi tunaoharibikiwa kila Jumanne tunaendeleza mila.

Kitu kimoja tu kilimfanya Baba Mkubwa anisikilize. Nilimwambia kwamba Wamarekani wengi wenye reli za namna yetu hutumia geji inayozidi ya kwetu kwa milimita sita na ushei, kwa hiyo hata kwenye mchezo hatuwezi kuazimana treni. Akacheka. Tanzania nayo ina Reli ya Kati ya milimita 1,000, TAZARA ya milimita 1,067 na sasa SGR ya milimita 1,435. "Hapo umesema neno la reli," akakiri.

Na neno la reli ni hilo: udogo haupunguzi kazi. Matatizo yote ya reli kubwa tunayo, tumepunguziwa wafanyakazi tu.

Chukua suala la kuwasha injini. Boila ikiwa baridi haina mvuto wa hewa, kwa hiyo juu ya dohani huwekwa feni ndogo ya umeme inayovuta moshi mpaka mvuke wenyewe upatikane na kuishika kazi hiyo. Tena huanzi na makaa ya mawe. Unaanza na vijiti au mkaa uliolowekwa mafuta ya taa. Niliposikia hivyo nilijua Mungu hamtupi mja wake. Asubuhi moja injinia mstaafu, mtu aliyetumia ujana wake kwenye injini za ndege, alikuwa amepiga magoti mbele ya tanuru akibishana na kiberiti. Feni ikazimika. Moshi ukaghairi safari ya dohani, ukatokea mlangoni, na mzee akainuka akiwa na nyusi pungufu. Tangu hapo kuwasha moto ni idara yangu. Mtu aliyekulia kwenye jiko la mkaa haulizwi cheti.

Lakini usidhani kila mtu anaruhusiwa kuchezea boila. Tunaye Mzee wa Boila, na mbele yake hata mwenyekiti huongea taratibu. Boila mpya hujazwa maji na kusukumwa hadi mara mbili ya shinikizo lake la kazi. Hutumiwa maji kwa sababu hayabanwi kirahisi, hivyo boila mbovu huishia kuvuja badala ya kulipuka. Kila mwaka hupimwa tena kwa mvuke, valvu ya usalama ikitazamwa kama itafunguka pale inapotakiwa. Mzee wa Boila huinama, husikiliza, huandika. Wanaume waliotumia miaka kumi kuunda injini zao gereji husimama pembeni wakitafuna kucha.

Injini ikipita mtihani, kuna ardhi. Simba wa Tsavo waliisimamisha reli ya Mombasa mwaka 1898. Yetu inasimamishwa na fuko. Kila reli na mnyama wake. Huyu wetu ana uzito wa gramu mia hivi, haoni vizuri, na hajali ratiba. Anachimba njia yake chini ya njia yetu, kokoto zinazama, reli moja inalala, na behewa linaondoka kwenye reli kwa adabu zote. Hapo huitwa Mzee wa Njia. Hulala kifudifudi kwenye majani yenye umande, huweka pima maji juu ya reli, kisha hutangaza kwa sauti ya msiba: "Milimita mbili." Kwenye reli ya Baba Mkubwa milimita mbili ni salamu. Kwenye yetu ni ajali. Mwanachama mmoja alileta kijiti cha kutumia jua, kinachotetemesha ardhi ili kumfukuza mnyama huyo. Kesho yake fuko alikuwa amefukua kichuguu pembeni ya kijiti, karibu kabisa, labda anapenda muziki.

Majira ya kupukutika majani ni balaa lingine. Majani yakilowa na kusagwa na magurudumu huacha utelezi juu ya reli, injini ikabaki kuzungusha magurudumu bila kusogea. Reli kubwa za nchi hii hupeleka treni maalumu za kuosha njia kwa maji ya nguvu. Sisi tunaye Mzee wa Ufagio. Hutembea mbele ya treni akifagia, kwa hadhi ya mtu anayeongoza msafara wa mfalme. Mlima ukipandwa, mambo ni mazuri. Treni ikianza kushuka, Mzee hulazimika kuongeza mwendo, na watoto kwenye mabehewa humshangilia wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Kisha kuna kufyeka. Pembeni ya handaki huota majani ya kuwasha na miba inayorudi kabla hujaweka mashine chini. Siku moja fyekeo la injini liligusa kiota cha nyigu. Katika kikao cha wiki iliyotangulia tulikuwa tumeambiwa kwamba wanachama wanne wana magoti ya bandia, wasipewe kazi nzito. Siku ile niliyaona magoti hayo yakikimbia, na nikatambua kwamba hospitali za hapa zinafanya kazi nzuri sana.

Jumanne ya tarehe 19 Julai 2022 nchi hii iliweka rekodi ya joto, nyuzi 40.3 huko Coningsby. Reli zetu ni za alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha reli kubwa. Tulipofika tulikuta njia iliyokuwa imenyooka asubuhi ya jana yake imepinda, inatafuta kivuli chini ya mti. Wazee wote wakanigeukia mimi, wakinisubiri nitoe ushauri wa kitaalamu, utadhani jua lile nilikuwa nimelipokea mwenyewe uwanja wa ndege. Nikawaambia kwetu jua likiwa kali hivi watu wenye akili hukaa ndani. Hoja ikapitishwa bila kupingwa, tukaenda kunywa chai. Ya moto, bila shaka.

Tukishamaliza vita na wadudu na hali ya hewa, tunakutana na abiria. Watoto hawana shida, wao husikiliza. Shida ni baba zao. Kanuni ni mbili: weka miguu kwenye kibao, usiiname pembeni. Jumapili moja baba mmoja wa miraba minne, aliyekaa peke yake behewa la mwisho, aliinama kupiga picha ya bata. Kwa geji ya milimita 184, kuinama kwa mtu wa namna ile ni uamuzi wa pamoja wa behewa zima. Likalala ubavu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna aliyeumia. Bata aliondoka. Yule bwana akasimama, akajikung'uta majani, akauliza kwa upole kama nauli inarudishwa.

Siku hizi wasiwasi mkubwa ni makaa ya mawe. Mgodi wa Ffos-y-Fran, karibu na Merthyr Tydfil, ulisimama Novemba 2023. Kituo cha mwisho nchini cha kufua umeme kwa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Kwa hewa ni habari njema. Kwa Mzee wa Boila ni taabu, maana sasa tunajaribu makaa ya kuundwa kiwandani, na kila aina huwaka kwa tabia yake: moja ina majivu mengi, nyingine inakataa kuamka mpaka abiria wamekwisha kwenda nyumbani.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Anayeidharau reli hii kwa sababu ya udogo wake aje Jumanne moja tu ashike sururu. Ukifika Uingereza ukaona kitreni kinazunguka bustanini, panda, weka miguu kwenye kibao, waache bata waende zao. Nauli yako ndiyo inayonunua mataruma. Na kama unaishi huku na una nafasi katikati ya juma, jiunge na chama cha karibu nawe. Fomu ni moja, chai ipo, na fuko bado hajastaafu.